Sisimizi na siafu nyumbani: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Mafinga

Kamwene. Mimi nafuga nyuki na kufungasha asali hapa Mafinga, Mufindi. Anayeweka asali ndani ya nyumba anaishi na sisimizi apende asipende, na mwenye mizinga porini lazima awajue siafu. Wateja wakija kununua asali huishia kuniuliza habari za wadudu hawa, na maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa na majibu yake kwa kirefu, maana nimeona watu wakimwaga sumu kali jikoni kwa ajili ya mdudu ambaye angeondoka kwa sabuni na subira.

Naua sisimizi kila siku, kesho wamerudi. Nakosea wapi?

Unaua watumwa wa kazi. Wale unaowaona kwenye meza ni sehemu ndogo tu ya kundi. Malkia, mayai na mabuu wako chini ya sakafu, ndani ya ukuta au kwenye shina la mti nje. Ukiponda mia leo, malkia anaendelea kutaga, na baada ya siku chache nafasi zao zimejazwa.

Tena kuna harufu. Sisimizi wa kwanza anayegundua sukari hurudi kwao huku akigusisha tumbo chini na kuacha alama ya harufu. Wenzake huifuata, na kila anayepita anaiongezea nguvu. Sisi hatuinusi, ila kwao ni barabara ya lami. Ukifagia wadudu ukaiacha barabara, umefungua mlango kwa wengine.

Kwa hiyo kabla ya kuua yeyote, kaa dakika kumi uwafuate kwa macho. Waliobeba chakula wanaelekea wapi? Mara nyingi utakuta ufa chini ya dirisha, pembe ya fremu ya mlango, au pale bomba la maji linapoingia ukutani. Ukishaijua njia, nusu ya kazi imekwisha. Futa barabara yote kwa maji ya sabuni au siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kuanzia kwenye chakula hadi kwenye tundu.

Nitajuaje kama ni sisimizi, siafu au mchwa?

Sisimizi ni wadogo, weusi au wa kahawia, wanatembea mstari mwembamba na wanapenda vitamu na mafuta. Siafu ni wekundu wanaoelekea weusi, wa ukubwa tofauti ndani ya msafara mmoja, na pembeni husimama askari wenye vichwa vikubwa na taya zilizopanuliwa. Sungusungu ni weusi, wakubwa, wanapanga mstari kwenda kuvamia kichuguu, na wanachoma kwa mwiba.

Mchwa si ndugu wa sisimizi hata kidogo. Kinasaba yuko karibu na mende. Mtazame kiuno: sisimizi ana kiuno chembamba kama amefungwa uzi, mchwa mwili wake umenyooka tangu kifuani hadi mkiani. Vipapasio vya sisimizi vimepinda kama kiwiko, vya mchwa vimenyooka. Ukiona njia za udongo zikipanda ukutani kuelekea kenchi, hao ni mchwa, na chambo cha sukari nitakachoeleza hapa chini hakitawaondoa. Mchwa anahitaji dawa ya udongo kuzunguka msingi na mtu anayeijua kazi hiyo.

Kumbikumbi wanaotoka mvua za kwanza zikinyesha ni mchwa wenye mbawa. Na yule mdudu mnene wa kahawia, mrefu kama soseji ndogo, anayejigonga kwenye taa usiku wa mvua ni dume la siafu. Hana madhara, mtoe nje.

Nichanganye nini ili wafe wote, hadi malkia?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake ni rahisi na watu wengi hawalijui.

Unahitaji chambo kinachoua polepole. Sisimizi akila hujaza tumbo la akiba, akifika kwao anawatapikia wenzake mdomo kwa mdomo, nao wanamlisha malkia na mabuu. Sumu ikiwa kali atafia njiani na malkia hataonja. Ikiwa dhaifu ya kutosha, atafanya safari nyingi akijua amepata neema.

Tumia asidi ya boriki. Ulizia kwenye maduka ya dawa au ya kemikali. Pima kijiko kimoja cha chai cha asidi ya boriki na vijiko sita vya chai vya sukari, koroga kwenye nusu lita ya maji vuguvugu mpaka vyote viyeyuke. Usizidishe ukidhani ndiyo kuwakomoa, ukizidisha, umeharibu. Lowesha pamba, iweke kwenye vifuniko vya soda, tega pembeni ya njia yao, karibu na tundu, mbali na chakula.

Saa chache za kwanza utaona wameongezeka mara tatu na utatamani kuwaponda. Waache. Usifute hapo, usipulize dawa ya kopo. Badilisha pamba ikikauka. Baada ya siku mbili tatu watapungua, na kwa kundi kubwa inaweza kuchukua wiki mbili au zaidi.

Asidi ya boriki ni sumu kwa mtoto anayekunywa. Tega juu au mahali ambapo mtoto, kuku na mbwa hawafiki. Andika SUMU kwenye chupa ya mchanganyiko uliobaki na uifungie. Kijiko ulichopimia kisirudi jikoni.

Nimetega chambo, wamekipita kama hawakioni.

Kuna majira wanataka mafuta na nyama badala ya sukari, hasa mabuu wakiwa wengi. Weka majaribio bila sumu usiku mmoja: tone la asali, kipande cha dagaa, na karanga iliyosagwa, kila kimoja kwenye kifuniko chake. Asubuhi utajua wanachotaka. Wakikimbilia karanga, changanya asidi ya boriki kidogo sana ndani ya karanga iliyosagwa, kama sehemu moja kwa sehemu mia. Halafu angalia kama hukuacha sufuria ya mchuzi wazi. Hakuna chambo kinachoshinda mchuzi.

Majivu, chumvi, ndimu, manjano, mdalasini: kipi ni kweli?

Majivu makavu ni kweli. Unga wake huwakwaruza na kuwakausha, na hawapendi kuuvuka. Mwaga mstari mpana kiasi cha kiganja kuzunguka mlango wa nje au miguu ya kabati. Yakilowa basi, umebaki na matope, kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Aprili utayamwaga upya kila siku.

Siki na ndimu hufuta harufu, haziui kundi. Manjano na mdalasini huwachanganya kwa siku moja au mbili, kisha wanatafuta njia ya pembeni. Chumvi sijawahi kuiona ikifanya kazi yoyote.

Maji yanayochemka yanafaa kwa kiota kilicho uwanjani, mbali na msingi na mizizi ya miti unayoitaka. Chimbua kidogo kwanza, mimina, rudia baada ya siku mbili. Mara moja haitoshi kwa sababu malkia hukaa chini zaidi.

Na mafuta ya taa?

Yanaua, na ndiyo yanayochoma nyumba. Jiko la mkaa liko hatua mbili, sakafu imelowa mafuta ya taa, mtoto anapita na kibatari. Tafadhali usiyatumie ndani. Petroli usiitumie popote.

Kuna chaki wanazouza machinga na dawa inayopimwa kwenye chupa ya soda. Nitumie?

Hapana kwa zote mbili, na hapa sitazunguka.

Chaki ya mende ni sumu iliyotengenezwa ifanane na chaki ya shule. Mtoto wa chekechea hawezi kutofautisha. Akishika, akachora, akalamba vidole, umemlisha sumu wewe mwenyewe.

Dawa ya chupa ya soda niliwahi kuinunua mnadani miaka ya nyuma, nikiwa nimechoka na sisimizi wa stoo. Haikuwa na lebo, muuzaji aliniambia "weka kifuniko kimoja kwa ndoo". Nilipuliza stoo jioni, asubuhi nikaamka na kichwa kinauma, na asali yote iliyokuwa kwenye ndoo zilizofunguliwa ilibidi niimwage kwa sababu sikujua nimepuliza nini. Ile hasara ilinifundisha. Ukinunua dawa nenda duka la pembejeo, dai chupa iliyofungwa yenye lebo ya Kiswahili na namba ya usajili. Mamlaka inayosajili viuatilifu nchini ni TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kama dawa imeandikwa ya shambani, ni ya shambani, usiilete jikoni.

Mtu akiinywa, mkimbize hospitali na chupa yake mkononi. Usimtapishe.

Pareto yetu inaweza kusaidia?

Inaweza, na inaniuma kuona tunaishi katikati ya pareto halafu tunanunua sumu isiyojulikana. Maua yale meupe yanayolimwa kwenye nyanda zetu za baridi, Makete, Mufindi, Mbeya Vijijini, yana kiini kinachopooza mishipa ya fahamu ya wadudu, na kiwanda cha kuyasindika kiko hapa hapa Mafinga. Unga wa maua makavu yaliyosagwa ukiunyunyiza kwenye tundu na nyufa, sisimizi anayeugusa anaanguka. Mwanga wa jua huuvunja haraka, ndiyo maana hauachi mabaki ya muda mrefu, na ndiyo maana lazima urudie.

Angalizo: pareto inaua nyuki na samaki. Usiipulize kwenye maua wala karibu na bwawa. Funika pua unapoipaka. Mwenye paka awe mwangalifu zaidi na dawa za viwandani za jamii ya pareto, kama pemethrini, maana paka hawazistahimili.

Siafu wameingia ndani usiku. Nifanye nini sasa hivi?

Toa watu kwanza. Anza na mtoto mchanga, kisha mgonjwa, mzee, na yeyote asiyeweza kujitoa mwenyewe kitandani. Mtoto mfunue nguo zote na umkague masikioni, puani na kwenye mikunjo. Mtu mzima mwenye miguu anawashinda siafu kwa kutembea tu. Aliyelala bila uwezo wa kuondoka ndiye aliye hatarini.

Pili, fungua mifugo. Banda la kuku, sungura, mbuzi aliyefungwa kamba, mbwa mwenye mnyororo. Wafungulie wakimbie, utawakusanya asubuhi. Hili nalisema kwa uchungu. Machi moja nilikuwa nimefunga banda kwa kufuli kwa hofu ya vicheche na wezi. Siafu walipita usiku. Kuku waliokuwa juu ya fito walipona wengine, ila tetea aliyeatamia hakuyaacha mayai yake. Nilimkuta pale pale. Tangu siku ile ufunguo wa banda unakaa kwenye msumari kando ya mlango, ambapo mtu yeyote wa nyumba anaufikia gizani.

Tatu, amua kama utapigana au utasubiri. Kama ni msafara mwembamba unaoingia mlangoni, mwaga maji yenye sabuni ya unga nyingi kwenye kichwa cha msafara, kisha mstari mpana wa majivu kizingitini. Mara nyingi hugeuka. Kama wameshatapakaa ukutani na darini, toka nje, kaa upande wasiopita, subiri. Siafu hawahamii nyumbani kwako. Wamekuja kuwinda, na wakimaliza mende, kunguni, panya na buibui wanaondoka, kwa kawaida ndani ya saa kadhaa. Wazee wetu wengine huwaachia nyumba kwa makusudi na asubuhi wanarudi kwenye nyumba safi.

Usisimame juu ya msafara ukiwamulika. Siafu watenda kazi hawaoni. Wanafuata harufu na mtikisiko.

Kwa nini wanakuja hasa wakati wa mvua?

Udongo ukilowa mashimo yao hujaa maji, na hapo hapo mawindo yanakuwa mengi. Siafu hawapendi jua kali linalowakausha, kwa hiyo hutembea usiku au siku za mawingu na ukungu, na huku kwetu siku hizo hazihesabiki. Tukuyu, ambako mvua ni nyingi kuliko karibu sehemu nyingine zote za nchi, wanawajua vizuri zaidi yetu. Kundi moja linaweza kuwa na mamilioni ya siafu, na huhamisha kambi baada ya kumaliza chakula cha eneo. Kuichimba kambi yao ni kutafuta balaa. Ukiona siafu wamepiga kambi mita chache kutoka nyumbani, fyeka nyasi upande wa nyumba, weka majivu, na kwa wiki hiyo lala na tochi karibu.

Nijenge vipi banda ili wasifike?

Liinue juu ya miguu minne, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji na oili chafu juu yake. Kopo lifunikwe na kibati kama mwavuli ili mvua isilijaze ikamwaga oili chini, kwa sababu oili ikiingia ardhini inaharibu udongo na kisima. Ngazi ya kuku iondolewe kila jioni. Tawi lisiguse paa. Unyasi mmoja ulioegemea banda unatosha kuwa daraja, na hapo ndipo wengi tunaposhindwa.

Mizinga ya nyuki nayo?

Vile vile. Mimi natundika mizinga kwa waya na kupaka grisi sehemu ya juu ya waya, au nasimamisha kwenye vigingi vilivyopakwa grisi chini ya kibati. Nafyeka chini ya mzinga kila wiki mbili wakati wa mvua. Siafu wakiingia kwenye mzinga nyuki hukimbia au huisha kabisa, na sisimizi wakizidi nyuki huhama polepole. Usipulize dawa yoyote karibu. Hata wagema wa ulanzi, pombe ya mianzi, wanalijua hili: mbeta, chombo cha kukingia ulanzi, ikichuruzika, sisimizi wamefika, kwa hiyo wanafuta na kufunika, hawapulizi sumu kwenye kitu kitakachonywewa.

Sisimizi wameingia kwenye sukari au asali. Nitupe?

Usitupe. Sukari itandaze kwenye sinia juani, wataondoka wenyewe, kisha chekecha. Asali chuja kwa kitambaa safi cheupe. Kisha badilisha chombo: cha kioo au plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, na ufute mdomo wake kila baada ya kumimina. Msemo wa chovya chovya humaliza buyu la asali unawahusu sisimizi kuliko mtu yeyote, na tone lililobaki nje ya chupa ndilo linalowaita.

Kama huna chombo kizuri, weka kikombe cha sukari katikati ya sahani yenye maji na tone la sabuni. Bila sabuni, sisimizi wadogo wanaweza kutembea juu ya vumbi lililotanda kwenye maji. Badilisha maji kila siku mbili.

Mbona wanajaa jikoni Juni na Julai wakati ni baridi?

Kwa sababu jikoni ndiko kwenye joto. Mafinga, Njombe na Makete asubuhi za Juni nje kuna baridi ya kugandisha vidole, na sehemu nyingine hata jalidi. Ukuta ulio nyuma ya jiko la kuni unabaki na uvuguvugu usiku kucha. Wakati huu ndio mzuri wa kutega chambo, kwa sababu nje hakuna chakula kingi cha kushindana nacho.

Nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma, haijapigwa lipu. Nitaziba wapi?

Anza na mstari wa chini, tofali tatu za kwanza, ndani na nje, kisha kuzunguka fremu na mabomba. Saruji na mchanga laini vinatosha. Kwa nyumba ya udongo, kanda udongo wa kichuguu na majivu kidogo. Ziba baada ya chambo kufanya kazi, si kabla. Ukiziba kundi likiwa hai ndani ya ukuta watatokea chumbani.

Wanapanda kwenye maharage, parachichi na kahawa. Wanakula mmea?

Hawali majani. Wanafuata vidukari, vidugamba na vidung'ata wanaofyonza utomvu na kutoa umajimaji mtamu. Sisimizi wanaunywa, na kwa malipo wanawalinda dhidi ya wadudu wanaowala. Kwa hiyo ukiona sisimizi kwenye parachichi, geuza jani uangalie chini yake.

Kwa mti, funga kitambaa au nailoni kuzunguka shina na upake grisi juu yake, usipake kwenye gamba lenyewe. Pogoa matawi yanayogusa ardhi. Kwenye maharage, pulizia maji yenye sabuni ya maji kidogo chini ya majani asubuhi. Ulinzi ukiondoka, wadudu wanaokula vidukari watamaliza kazi.

Basi niwaangamize shamba zima?

Hapana, nakuomba. Kwenye mahindi sisimizi wanakula mayai na viwavi wadogo, pamoja na wa kiwavijeshi vamizi aliyeingia nchini mwaka 2017. Wanakula mchwa pia. Wakiwa mita ishirini kutoka mlangoni kwako, waache wafanye kazi.

Nimeumwa na siafu, kichwa kimebaki kwenye ngozi.

Kivute kwa kibano au kucha, osha kwa sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi. Usijikune. Uso ukivimba, pumzi ikibana au ukihisi kizunguzungu, nenda hospitali mara moja, usisubiri asubuhi.

Nimepanga chumba kimoja, sisimizi wanatoka kwa jirani.

Ukuta ni mmoja, kundi ni moja. Ongea naye, mtege chambo siku moja pande zote mbili, na wote msipulize dawa ya kopo kwa wiki hizo mbili. Akikataa, tega upande wako karibu na ufa. Watakipeleka kwao hata kama kwao ni kwake.